Wavu mmoja, samaki wawili

Tangu kusi itulie na vyombo vianze tena kutoka nje ya mwamba, mazungumzo ya dikoni, wanaposhushwa samaki, hapa Malindi yamekuwa yale yale: watafiti wametumalizia samaki. Walikuja na boti yao, wakatega nyavu, wakapima, wakapasua, wakaondoka na vichupa vya dawa, na tangu siku hiyo changu wamekuwa wa kutafutwa kwa tochi. Nimeyasikia haya kwa wazee ninaowaheshimu, watu walioshika mshipi kabla ya kushika kalamu. Nimelisikia pia jawabu la vijana wenye shahada zao, nalo huja na kicheko: "Mzee, samaki mia mbili tu, ndio waliomaliza bahari?" Nionavyo mimi pande zote mbili zimepotoka, ingawa hazikupotoka kwa kiasi kimoja. Wavu wa mtafiti haukumaliza samaki wa Malindi, na nitaeleza kwa nini. Lakini kusema "ni wachache" hakumjibu mtu, maana athari ya samaki aliyechukuliwa kwa ajili ya elimu haijulikani kwa idadi peke yake. Yataka kujua ni samaki gani, katolewa wapi, kwa chombo gani, na hesabu yake karudishiwa nani.

Ushahidi nitautafuta mbali sana, kwenye maji ya barafu ya Ncha ya Kusini na Ncha ya Kaskazini, na msomaji ana haki ya kuuliza kulikoni. Ni kwamba hapa kwetu watuhumiwa ni wengi mno. Kuna Mto Sabaki unaomwaga tope jekundu baharini kila mvua za bara zikinyesha. Kuna matumbawe yaliyopauka na kufa kwa joto la bahari mwaka 1998. Kuna meli za kamba, kuna nyavu za juya, kuna nyavu za ringneti, na kuna sisi wenyewe, ambao kila mwaka tunazidi kuwa wengi na mwamba ni ule ule. Ukimvuta mmoja kati ya hao ukamwita mwizi, huna njia ya kujua kama umemshika wa kweli. Kwenye ghuba za Antaktika hakuna kijiji cha wavuvi, hakuna shamba la juu mtoni. Kwa miaka mingi waliotia nyavu huko ni wawili tu: meli kubwa za biashara kule nje, na mtafiti na kijiwavu chake pwani. Barafu nayo ina neno lake, nitalifikia. Lakini kesi yenye washukiwa wachache husikilizika.

Twende basi visiwa vya South Shetland. Kwenye kisiwa cha King George kuna ghuba ndogo iitwayo Potter Cove, na ukingoni mwake kuna kituo cha utafiti cha Argentina ambacho leo kinaitwa Carlini. Tangu mwaka 1983 watafiti wamekuwa wakitega humo wavu wa tabaka tatu, ule ambao samaki akijitia hujizongazonga mwenyewe mpaka akashindwa kugeuka. Ghuba ile ile, wavu wa namna ile ile, mwaka baada ya mwaka. Wanaonaswa zaidi ni ndugu wa jamii moja, wanaokaribiana hata kwa sura, ila mwenendo wao si mmoja. Wa kwanza, Notothenia rossii, hulelewa pwani kwenye mwani mrefu akiwa mdogo, na akishakua huenda zake maji ya kina. Tumwite mhamaji. Wa pili, Notothenia coriiceps, hukaa pwani hata ukubwani, hasafiri sana, na meli za biashara hazikuwa na haja naye. Huyu ni mwenyeji.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 meli za biashara zilivua kwa nguvu huko nje, kwenye maji wanakoishi wahamaji wakubwa. Katika miaka iliyofuata, watoto wa mhamaji wakapungua ndani ya wavu wa Potter Cove, tena wakapungua pamoja na samaki mwingine ambaye naye alikuwa akivuliwa huko nje, Gobionotothen gibberifrons. Mwenyeji hakupungua hivyo. Hebu litulie hili kidogo. Maji ni hayo hayo, wavu ni huo huo, watu ni wale wale. Kama wavu wa mtafiti ndio uliomaliza samaki, wa kwanza kumalizika angekuwa mwenyeji, kwa sababu yeye hana pa kwenda; kila wavu unapoteremshwa yeye yupo. Aliyepungua ni yule anayetoka nje kwenda kukutana na meli. Baadaye tume ya kimataifa inayosimamia viumbe vya bahari ile, iliyozaliwa na mkataba wa mwaka 1980, ilifunga uvuvi wa samaki kuzunguka visiwa hivyo kuanzia msimu wa 1990/91, na dalili za mhamaji kurejea zilionekana kwenye nyavu zile zile za pwani baada ya miaka mingi. Yaani wavu unaolaumiwa ndio uliotoa ushahidi wa nani alikula.

Na ukitaka kujua meli za biashara hula kiasi gani, mfano uko kisiwa cha South Georgia. Katika msimu mmoja tu, wa 1969/70, meli za Urusi ya Kisovieti zilitoa huko takriban tani 400,000 za huyo huyo mhamaji. Mavuno ya bahari yote ya Kenya kwa mwaka, kuanzia Vanga mpaka Kiunga, ni makumi machache ya maelfu ya tani. Msimu uliofuata mavuno ya South Georgia yakaanguka hadi takriban robo ya yale, kisha samaki wakaadimika kwa miongo. Mtu anayelinganisha jambo kama hilo na ndoo mbili za mtafiti, mizani yake ina hitilafu. Hii "walikuja, halafu samaki wakapungua" ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na dawa yake ni kuuliza swali moja: je, wamepungua hata samaki ambao wao waliwachukua na wengine hawakuwachukua? Pale Malindi sijamsikia mtu akiliuliza.

Sasa hilo neno la barafu. Kwenye ghuba ya McMurdo, huko huko Antaktika, Mmarekani Arthur DeVries, yule aliyegundua kwamba damu ya samaki wa huko ina protini inayozuia isigande, alivua kwa mshipi mrefu kupitia tundu lililotobolewa kwenye barafu, na kumbukumbu za mavuno hayo zinaanzia mwaka 1972 hadi 2011. Samaki wake ni Dissostichus mawsoni, jitu linaloweza kupita kilo 100. Wengi waliovutwa juu walipimwa, wakatiwa alama, wakarudishwa majini. Kwa miaka karibu thelathini tundu lilitoa samaki. Baada ya mwaka 2000 likakauka. Wengine wakasema ni meli za biashara zilizoanza kuvua Bahari ya Ross, iliyo nje ya ghuba hiyo, msimu wa 1996/97. Wengine wakasema ni jabali la barafu lililopewa jina B-15, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 11,000, lililomeguka Machi 2000 likavuruga mikondo na kuifanya barafu ya ghuba ikae miaka bila kuvunjika. Mwaka 2014 watafiti wa New Zealand walitoboa tena, na samaki wakubwa wakapatikana. Mabishano hayajesha, wala mimi si hakimu wao. Ninachokiona ni kwamba bila mtu kurudi pale pale kwa miaka yote hiyo, akiandika siku ya samaki kumi na siku ya patupu, kusingekuwa na cha kubishania. Wangebaki na "zamani walikuwepo", kama sisi tunavyosema bandani, kila mzee na zamani yake.

Mpaka hapa vijana wenye shahada watakuwa wananipigia makofi. Wasubiri.

Kuchukua sampuli ni kama kuonja mchuzi. Mpishi akionja upawa mmoja kwenye sufuria la arusi, hakuna atakayemshitaki. Lakini sufuria ikiwa ndogo, na waonjaji wakawa watano, kila mmoja na kijiko chake na hakuna anayemwuliza mwenzake kaonja mara ngapi, wageni watakuta mchuzi umeshuka. Pwani za ncha za dunia zina sufuria ndogo nyingi za namna hiyo: ghuba finyu, kituo cha utafiti jirani, samaki mkaazi asiyehama, maji baridi yanayomfanya akue polepole na kuchelewa kuzaa. Jitu la DeVries, jike lake, hukaribia miaka 16 kabla ya kutaga mara ya kwanza. Hapo mia mbili waliotolewa kwenye ghuba moja, wote wakubwa na wote wakiwa wazazi, hawafanani kabisa na mia mbili waliotawanywa kwenye kilomita mia za bahari. Nimesema wavu wa Potter Cove haukumpunguza mwenyeji. Sikusema hakuna wavu unaoweza. Kijana anayetaja idadi bila kutaja mahali na umri wa samaki anafanya kosa lile lile la mzee: anapima kwa jicho.

Kuna mfano wa Ncha ya Kaskazini ambao sijaacha kuufikiria. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza kwamba papa wa Greenland huishi kuliko kiumbe yeyote mwenye uti wa mgongo anayejulikana. Walijuaje? Walichunguza kiini cha lenzi ya jicho, sehemu ambayo huundwa papa akiwa bado tumboni mwa mamake na haibadiliki tena. Majike 28 walichunguzwa, na mkubwa wao alikadiriwa kuwa na miaka 392, kukiwa na nafasi ya kukosea ya miaka 120 huku au huku. Papa hao walinaswa bila kukusudiwa wakati wa utafiti wa samaki wengine, na wakishakufa macho yao yakatumika. Elimu iliyotoka hapo ni kubwa: samaki anayefikia umri wa kuzaa baada ya karne moja na zaidi havuliwi kama dagaa. Lakini upande wa pili wa mizani amelala mnyama ambaye huenda alizaliwa kabla Wareno hawajaanza kuijenga Fort Jesus. Huyo hata akiwa mmoja si "mmoja tu". Sidhani walikosea kumchunguza. Wangekosea kumtupa bila kumchunguza, na wangekosea zaidi kurudi mwaka wa pili kutafuta wengine 28 ili kuthibitisha kile ambacho tayari wanakijua.

Halafu kuna utafiti wa jina. Wavuvi wetu wakinuna wanapoona maandishi ya "utafiti" ubavuni mwa meli, wana haki kuliko wanavyopewa. Japani ilivua nyangumi wa bahari ya kusini kwa miaka mingi kwa jina la sayansi na nyama ikauzwa sokoni, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua, tarehe 31 Machi 2014, katika kesi iliyofunguliwa na Australia, kwamba mpango ule haukuwa kwa madhumuni ya utafiti wa kisayansi. Nyangumi si samaki, najua, lakini mlango ni ule ule. Ndiyo maana ile tume ya Antaktika imeweka sharti ambalo naliona la maana kuliko hotuba zote: samaki wanaovuliwa kwa utafiti wanahesabiwa ndani ya kiwango kilichowekwa, hawana daftari la pembeni. Na meli za biashara zenyewe zimetwikwa kazi ya elimu. Katika Bahari ya Ross, kwa kila tani ya lile jitu wanayovua, lazima wamtie alama walau samaki mmoja na kumrudisha majini akiwa hai, na msimamizi wa kisayansi yumo chomboni akiangalia. Katikati ya Bahari ya Aktiki wameanza mapema zaidi: mkataba uliotiwa saini mwaka 2018 na kuanza kutumika mwaka 2021 umezuia uvuvi wa biashara kwa miaka 16 mpaka ijulikane kilichomo, na hata uvuvi wa majaribio umewekewa masharti.

Tena si kila kuhesabu kunataka kuua. Mwaka 2021 meli ya Ujerumani, Polarstern, ilikokota kamera chini ya barafu ya Bahari ya Weddell ikakuta viota vya samaki wa barafu, Neopagetopsis ionah, vimepangana sakafuni kama mabakuli kwenye jamvi la hitima. Makadirio yalikuwa viota milioni 60 kwenye eneo la kilomita za mraba 240. Wavu wa kukokota ungepita hapo ungewaletea samaki wengi na mayai yaliyopondeka, wala wasingejua kwamba walikuwa juu ya kiota. Kamera imejua, na mayai yamebaki.

Nikirudi nyumbani, kwetu kuna historia ya haya yote tunayoisahau. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ni za mwaka 1968, za mwanzo kabisa nchini, na mengi tunayoyajua juu ya tofauti ya samaki ndani na nje ya mipaka yake yametokana na watu waliopiga mbizi wakahesabu kwa macho, bila wavu. Meli ya utafiti ya Norway iliyopewa jina la Fridtjof Nansen, mvumbuzi wa barafu za kaskazini, ilikokota wavu kwenye maji yetu miaka ya 1980, na baadhi ya taarifa za samaki wa kina zilipatikana hapo. Mwaka 2001 samaki wa kale aliyedhaniwa zamani kuwa ametoweka duniani, silakanthi, alinaswa nje ya Malindi, na aliyemnasa ni meli ya biashara, hakuna mtafiti aliyekuwa akimtafuta. Ghuba ya Ungwana nayo: meli za kamba zilisimamishwa mwaka 2006 baada ya miaka ya malalamiko ya wavuvi wadogo, zikarudi mwaka 2011 kwa masharti. Katika wavu wa kamba, kwa kila kilo ya kamba huja kilo kadhaa za samaki wengine, wengi wao wachanga. Huo ndio wavu wa kuutazama. Na mizozo hiyo haikuendeshwa kwa kelele za diko pekee. Ilihitaji mtu aliyepima kilichomo ndani ya wavu.

Lakini aliyepima alirudi kusema? Hapa ndipo ninapokuwa upande wa wazee. Asubuhi moja nilimkuta binti wa chuo dikoni na ubao wake wa kupimia. Alikuwa na tewa wa kilo mbili hivi, si wake, kaomba. Akainua shavu la samaki, akaingiza koleo nyuma ya matamvua, akabonyeza, pakalia kitu kama kijiti kuvunjika, akatoa vijiwe viwili vyeupe vya sikio, kila kimoja kama punje ya mchele. Akavifuta kwa kidole, akavitia ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, akaandika namba kwa penseli. Mwenye tewa, bwana wa makamo, alikuwa akitazama huku kafunga mikono.

"Mwanangu, hivyo vijiwe vitakwambia nini?"

"Miaka yake, ami. Vina pete ndani, kama mti."

"Na ukishaijua, mimi utaniambia?"

Binti alicheka kwa haya akasema ripoti hupelekwa ofisini. Mama karanga, mchuuzi wa samaki wa kukaanga, aliyekuwa akingoja akamchukua yule tewa kwa bei pungufu, kwa vile kichwa kimechezewa. Hasara ilikuwa ndogo, pengine bei ya sahani ya wali, lakini ilimwangukia mtu mmoja, na faida ikaenda kusikojulikana. Ukizikusanya asubuhi kama hiyo za miaka ishirini unapata ile hasira inayosema watafiti wametumaliza. Kuhusu samaki haina ushahidi, ila chanzo chake nakijua.

Kwa hiyo nadhani ugomvi ungehamishwa. Badala ya kumfukuza binti na ubao wake, kamati ya BMU, kile chama cha wavuvi kinachosimamia diko, ingemdai vitu ambavyo Antaktika wamewadai wakubwa kuliko yeye: idadi iandikwe kabla ya wavu kuteremshwa, mahali patajwe, samaki waliotolewa wahesabiwe wazi, kazi iliyokwishafanywa na chuo kimoja isirudiwe na cha pili kwenye mwamba ule ule kwa sababu tu kila mwanafunzi anataka tasnifu yake. Pasipo haja ya wavu, kamera au macho ya mpiga mbizi. Penye haja ya samaki aliyekufa, diko limejaa samaki waliokufa tayari. Anunuliwe kwa bei kamili, kichwa na vyote. Na mvuvi apewe daftari, kama nahodha wa Bahari ya Ross alivyotwikwa alama zake, maana anayetoka siku mia mbili kwa mwaka huona mengi kuliko boti inayokuja wiki mbili.

Atakayeona hili ni mzigo wa bure aangalie Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Mahakamani hapo "zamani walikuwepo" si kitu cha kulipia. Panatakiwa nani alivua wapi, samaki gani, kiasi gani, kabla na baada. Mradi mwingine utakuja, kama si Lamu basi huku, na siku hiyo atakayekuwa na hesabu ya miaka ishirini ya mwamba wake ataongea tofauti na aliyemfukuza mwenye kuhesabu.

Yule bwana nilikutana naye tena juzi, akiparaza mashua yake. Nikamwuliza kama amewahi kuambiwa umri wa tewa wake. Akasema hapana, ila kila akimpasua mwingine hujipa kazi ya kuvitafuta vile vijiwe. Anavyo kopo zima nyumbani, hajui kuvisoma.